Mvua ya Wageni na Nyasi za Rosi

Ile picha mliyoiona kwenye simu ya mama, mimi nimesimama kwenye mteremko wa nyasi na nyuma yangu kuna mlima wenye theluji, ndiyo imenifanya niandike. Najua mlivyosema. Wakesho ameomoka. Wakesho yuko Ulaya anakula raha. Mmoja wenu aliuliza mbona sikutoroka, na mwingine akanitumia saizi ya viatu vya mtoto wake. Sasa nawaandikia safari yote tangu mwanzo, mjue picha ilipigwa siku gani na nilikuwa na nini moyoni.

Safari yenyewe haikuwa yangu. Mimi nilitaka kwenda mahali pamoja tu, Wundanyi, kwa mwanangu Mghoi. Nilimwacha na miezi kumi na mmoja, akisimama kwa kushika kiti. Mkataba ulisema miaka miwili halafu likizo. Miaka miwili ilipoisha, bosi wangu, ambaye sisi wafanyakazi humwita baba, akasema ngoja Ramadhani ipite. Ikapita. Akasema ngoja Hija ipite. Ikapita nayo. Siku moja naosha mchele, madam akaja akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Mwezi huu tunakwenda Austria wiki tatu. Wewe unakuja kumshika Lulwa. Tukirudi, unakwenda kwenu."

"Tukirudi tarehe ngapi, madam?"

"Tukirudi, inshallah."

Nikakubali. Kosa langu lilianzia hapo, mbele ya sinki, na mikono imejaa maji ya mchele.

Al-Safa, Jeddah, Jumatatu asubuhi. Al-Safa ndio mtaa tunaokaa. Tulipakia masanduku tisa. Mchele tulibeba, iliki tulibeba, birika la kahawa na zulia la kukalia nje tulibeba. Langu lilikuwa begi moja la mgongoni. Lulwa, binti yao wa miaka mitatu, alining'inia shingoni muda wote. Yeye na Mghoi wamepishana miezi minne. Hilo silisemi mbele ya watu, lakini kila nguo ya Lulwa ninayoikunja najua ingemtosha nani.

Nyambura akanipigia nikiwa nafunga sanduku la mwisho. Nyambura ni wa Nyeri, anafanya kazi mtaa wa Al-Rawdah, tulikuja kwa ndege moja.

"Skiza Wakesho. Ukifika huko, potea. Watu wanazama baharini wakitafuta hiyo Ulaya, wewe unapelekwa na kiti cha dirishani, halafu urudi? Ama jua la Jeddah limekuingia?"

"Nipotelee wapi na mtoto yuko Wundanyi?"

"Utamwita aje."

"Taja mmoja tu unayemjua aliyemwita mtoto wake akaja."

Wa kwake wawili wako kwa shangazi yao. Akasema, "Basi niletee chokoleti," akakata.

Uwanjani pasipoti yangu ilikaa mkononi mwangu dakika chache, kutoka kwenye foleni mpaka kwa afisa. Nilikuwa sijaishika tangu nifike nchi ile. Nikajiangalia kwenye picha, uso mwembamba, kabla ya kovu la pasi lililo mkononi sasa. Afisa alipomaliza kuikagua, baba akanyoosha mkono bila kunitazama, ikarudi kwenye pochi yake.

Riyadh, siku mbili. Tulipita kwa Mama Kubwa, mamake madam. Ndege ilipokuwa inashuka niliona jangwa la rangi ya biskuti, na katikati yake maduara ya kijani kama sahani zilizotandazwa mezani. Baba akamweleza Lulwa kwamba ni mashamba, maji yanavutwa kutoka chini kabisa na bomba refu linazunguka kumwagilia. Pale ambapo bomba halifiki, hakuna jani. Nikawaza sisi na migomba yetu tunayoiona kero.

Nje joto lilikuwa la kufungua mlango wa oveni na kuweka uso. Mama Kubwa hakuuliza habari za hoteli wala maduka. Aliuliza jambo moja: "Kule mvua inanyesha?"

"Karibu kila siku," baba akasema, kama mtu anayetaja mali yake.

Hapo ndipo nilipoelewa tunakwenda kununua nini.

Bonde la Austria, Alhamisi jioni. Kutoka kwenye uwanja wa ndege tuliendeshwa kwa saa tatu, na kila saa milima ilizidi kutusogelea mpaka barabara ikawa haina pa kwenda ila kufuata mto. Halafu bonde likafunguka, na chini yake kuna ziwa. Ardhi tambarare ni kidogo sana, labda kama kutoka stendi ya Wundanyi hadi hospitali, na kipande hicho ndicho kilichobeba barabara, reli, maduka na hoteli. Kila kitu kingine kimepandishwa mlimani. Maduka yana maandishi ya Kiarabu mlangoni. Nyama ya halali ipo. Kando ya ziwa nilipishana na abaya nyingi kiasi kwamba ningefumba macho na kusikia watoto tu, ningedhani niko Jeddah.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya mbao, juu ya mteremko, na mwenyewe anaitwa Rosi. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mjane, miguu imepinda kidogo kama ya watu wa kwetu waliobeba mizigo wakipanda. Yeye alikaa chini, wageni juu. Kiingereza chake kilikuwa cha shule, na changu cha shule, kwa hiyo tulielewana kuliko alivyoelewana na baba, ambaye chake ni cha ofisini na kinakimbia.

Siku ya tatu nilimkuta akianika mashuka. Nikamuuliza mbona nyumba zote ziko upande mmoja wa bonde na ule mwingine ni msitu mtupu.

"Jua," akasema. "Ule upande wakati wa baridi hauoni jua wiki nyingi. Babu zetu hawakuwa wajinga wajenge huko. Upande wa jua tunaweka nyasi na watu, upande wa kivuli tunaweka miti."

"Kwetu pia kuna upande unaokaa ukungu na upande unaotazama nyika. Kabichi hazikubali zote mbili."

Akanigeukia. "Kwenu ni mlima?"

"Mteremko mtupu. Ukiangusha sufuria jikoni unaifuata kwa jirani."

Alicheka mpaka akaangusha kibanio. Tangu siku hiyo alikuwa akinitafuta.

Akanionyesha pengo lililo kati ya vilele viwili, mbali, lenye theluji pembeni. Zamani hiyo ndiyo iliyokuwa barabara, alisema. Chumvi ilitoka upande huu, divai ikaja kutoka upande ule, na nyumbu, wale wanaozaliwa na punda na farasi, walibeba vyote. Nyumbu hawawezi kuvuka kwa siku moja, lazima walale, na ndiyo sababu nyumba yake ipo. Jikoni kwake ndipo walipokuwa wakifungwa. "Kwa hiyo hii nyumba imepokea wageni kabla ya watalii kujua neno mtalii. Biashara ilikuwa pale palipo na njia. Reli ilipokuja kupitia bondeni, nyumbu wakaisha, na watu wa mjini wakaanza kuja kutazama tu. Babangu alishangaa. Mtu anatoa pesa yake kutazama mlima uliomtesa yeye maisha yote."

"Na kabla watalii hawajaja, mliishi kwa nini?"

"Ng'ombe. Mahindi hayakomai hapa, ngano ni kwa shida. Nyasi tu ndizo zinazokubali. Na nyasi za bonde dogo hazilishi kila mtu." Akakunja shuka polepole. "Bibi yangu alipelekwa kule ng'ambo ya pengo akiwa na miaka tisa, kuchunga ng'ombe wa watu. Watoto wengi wa huku walipelekwa. Wanatoka majira ya kuchipua, kwa miguu."

Nikauliza, "Alirudi?"

"Kila mwaka. Theluji ikianza, njia inafungwa. Bosi akitaka asitake, lazima amwachie mtoto kabla ya hapo, la sivyo amlishe baridi nzima bila kazi. Hakuna aliyemhurumia, Wakesho. Mlima ndio uliomwekea tarehe."

Usiku ule sikulala vizuri. Kati ya Jeddah na Wundanyi hakuna njia inayofungwa. Ndege zipo kila siku ya Mungu. Ndiyo maana wanaweza kuniambia ngoja mpaka nizeeke.

Nikaanza kumuuliza madam kila asubuhi. Madam, tiketi. Atasema mwulize baba. Baba, tiketi. Atasema tukifika Jeddah. Nyumbani mama alinipigia akasema Mghoi ana kikohozi, nikamwomba anipe niongee naye. Nikamsikia mtoto akiuliza, "Ni anti wa simu?" Mama akamwambia ni mama yako. Mtoto akasema, "Mama ni wewe."

Nilienda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumanne ya wiki ya pili, saa nane mchana. Rosi alikuwa amefyeka nyasi siku mbili kabla. Mteremko wake ni mkali, mashine haipandi, hivyo alifyeka na mwanawe, halafu mwana akapanda juu kabisa kwenye malisho ya kiangazi, ambako ng'ombe wote wa kijiji hukaa mpaka baridi ikaribie. Nyasi zilizofyekwa lazima zikaushwe na jua, zigeuzwe, kisha ziingizwe ghalani. Hizo ndizo chakula cha ng'ombe miezi yote ya theluji. Zikinyeshewa zikiwa karibu kukauka, zinaoza.

Wingu lilitokea kwenye pengo. Mimi nalijua wingu la aina hiyo, tumbo jeusi na upepo wa baridi mbele yake. Baba naye aliliona. Alitoka nje akasimama kwenye nyasi fupi za uani, mikono ameitandaza, uso juu. "Inakuja," akamwambia madam, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Madam akaleta simu amrekodi.

Na upande wa pili wa ua wa nyumba ileile, Rosi alikuwa peke yake mteremkoni, anakokota nyasi kwa reki ya mbao, anakimbia na miguu yake iliyopinda.

Sikufikiri. Nikamfunga Lulwa mgongoni kwa leso yangu, kama ambavyo ningemfunga wa kwangu, nikachukua reki iliyoegemea ukuta, nikapanda. Mteremko haukunishinda. Mguu mmoja juu, mwingine chini, unasimama kiubavu, unavuta kuelekea bondeni, uzito wa nyasi unakusaidia. Rosi alinitazama mara moja tu, akaelekeza kidole upande wangu, tukagawana mlima bila kusema. Lulwa alikuwa akicheka kila nikiinama. Tulizivingirisha nyasi ndani ya maturubai tukazishusha mpaka mlangoni mwa ghala. Matone ya kwanza yaliponipiga shingoni yalibaki mafungu mawili hivi ya nyasi nje, na Rosi akasema hizo waachie panya.

Kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani nilikuwa nimechoka kwa kitu ninachokielewa. Rosi akachukua simu yangu akanipiga picha, mvua ikianza. Hiyo ndiyo picha. Nikaituma kwa mama kabla sijafuta jasho.

Niligeuka nikamwona madam uani.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Mvua ilikuwa inakuja, madam. Nyasi zake..."

"Nyasi ni zako? Wewe unamfanyia kazi nani? Kafili wako ni yule mzungu?" Akanitolea Lulwa mgongoni. Mtoto akaanza kulia akinishika nywele. "Binti yangu kafungwa kama gunia la viazi, kwenye mvua. Na mnaongea ongea kila siku. Unapanga kubaki, sivyo?"

"Ningetaka kubaki ningekuwa nimeenda zamani. Mimi nataka kwenda kwetu."

"Halas. Mafi likizo."

Yaani basi, hakuna likizo. Baba alikuwa bado amesimama mvuani, kanzu imemgandia mwilini, anatabasamu, wala hakusikia.

Jioni Rosi akapanda na kipande cha jibini kikubwa kama tofali, kunishukuru mbele ya kila mtu, akazidi kuniharibia. Madam alilipokea kwa vidole viwili. Kesho yake, tukikunja mashuka, nilimweleza Rosi kilichotokea. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Tarehe ya likizo mlikubaliana lini?"

"Hatukukubaliana. Alisema inshallah."

"Mimi bosi wako nilikubaliana naye kila kitu majira ya baridi, bado yuko kwake anaota mvua. Vyumba vingapi, siku ngapi, anatoka saa ngapi. Wageni nawapata miezi mitatu ya kiangazi na mitatu ya theluji, basi. Wakishafika mlangoni nikaanza kuuliza, nimeshachelewa. Hata huu mteremko, serikali hunilipa kuufyeka, kwa sababu nikiuacha uwe kichaka hakuna atakayekuja kuutazama. Nilijua wanachokitaka kwangu, nikakitaja kwanza." Akanitazama. "Wao wanataka nini kwako, na lini?"

Swali rahisi kwake, nikawaza kwa hasira. Huyu mama analipwa kufyeka majani yake mwenyewe, na mama yangu anabembeleza dalali wa Voi achukue kabichi. Milima ni milima. Lakini hasira ile niliiweka pembeni, kwa sababu swali lake lilikuwa la kweli, na jibu nililijua. Walinitaka Ijumaa ya wiki iliyofuata, Riyadh, saa kumi jioni.

Riyadh, Ijumaa hiyo. Binamu yake madam alikuwa anaolewa. Nyumba ya Mama Kubwa ilijaa wanawake, wasusi, mapasi ya nywele. Lulwa alikuwa ashike kikapu cha maua mbele ya bibi harusi, na Lulwa havalishwi na mtu mwingine, hali na mtu mwingine, na akichoka hashikiki na mtu mwingine. Najua wanachoweza kufanya. Kafili, mwajiri anayeshika kibali chako, akiripoti kwamba umetoroka, hata kama umekaa sebuleni kwake, wewe ni mtu wa polisi. Nilienda msalani mara nne.

Saa kumi madam akaita, "Wakesho, yalla, mvalishe." Nusu ya nywele zake zilikuwa kwenye vikunjio.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, begi langu magotini. "Tiketi kwanza, madam."

Alidhani hakusikia vizuri Kiarabu changu. Nikarudia kwa baba alipokuja kuona kelele ni ya nini.

"Sitafanya lolote mpaka tiketi iwe kwenye simu yangu, na karatasi ya ruhusa ya kutoka nchini. Tarehe, si inshallah."

"Nitakurudisha kwenu kesho," baba akasema. "Nitakufukuza."

"Nifukuze, baba. Kufukuzwa nako ni kwenda nyumbani."

Msusi, Mfilipino aliyekuwa ameshika kikaushio, akageukia ukutani kuficha kicheko. Baba hakucheka. Lulwa alikuwa amesimama katikati yetu na soksi moja, akanitazama, akamtazama mamake, akaja kukaa ngazi ya chini yangu na kuegemea miguu yangu. Nilitaka kumnyanyua. Mikono niliikalia.

"Mama, saa," madam akamwambia mamake, karibu kulia. Mama Kubwa alikuwa kwenye kiti chake na kahawa. Hakunitetea. Alisema tu, "Mwanamke huyu anataka tiketi, si nyumba. Mpe, tuondoke."

Baba aliitoa simu. Vidole vyake vilikuwa vinagonga kioo kana kwamba vinakipiga. Siku arobaini, kwenda na kurudi. Kisha akafungua ile programu yao ya serikali, akatoa ruhusa. Simu yangu ikatetemeka mara mbili mapajani. Nilisoma jina langu herufi kwa herufi. Halafu nikamvalisha Lulwa soksi ya pili.

Jeddah, siku nne. Madam hakuniongelesha, alikuwa akimtuma Lulwa aniambie. Usiku niliamka kuangalia kama tiketi bado ipo, maana nilisikia zinaweza kufutwa. Nyambura alikuja siku yake ya mapumziko, nikampa kipande cha lile jibini la Rosi.

"Hii kitu inanuka soksi," akasema.

"Kula."

Akala. "Ni tamu, shetani wewe. Na chokoleti?"

Uwanjani baba alinipa pasipoti akiwa ameishika ncha, akasema, "Rudi." Sikujibu inshallah. Nikaingia kwenye foleni.

Wundanyi, Jumamosi, saa tano asubuhi. Gari lilikata kona za kupanda, nyika ikabaki chini, hewa ikabadilika. Nilitazama miteremko yetu kama mgeni: makinga-maji, migomba, ukungu upande ule. Nilikuwa natafuta njia ya nyumbu.

Mghoi alikuwa nyuma ya sketi ya mama. Ni mrefu. Sikumkimbilia, nilikaa kwenye jiwe la kufulia nikasubiri. Akanichungulia muda mrefu, kisha akamwomba mama simu, akatafuta picha, akaja nayo mpaka hatua mbili kutoka nilipokaa.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na huyu umembeba ni nani?"

Njia yote kutoka Jeddah nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, hilo halikuwemo.

"Anaitwa Lulwa. Ni mtoto wa kazini."

Aliikazia macho picha. "Hajui kutembea?"

"Anajua."

"Na mimi najua," akasema. Akamrudishia mama simu, akaenda ndani, akatoka na leso ya bibi yake inayoburuta chini, akageuka akanipa mgongo, akasubiri, kwa sababu hakujua kwamba ni mimi ninayetakiwa kumgeuzia mgongo.

Nimemfunga. Ni mzito, miguu inanifika magotini. Nimepanda naye hadi shamba la juu na kushuka, na bado hajataka kushuka mgongoni. Pasipoti iko ndani ya debe la maharagwe, mahali ninapopajua mimi tu. Tiketi ya kurudi ina tarehe. Sijawaambia kama nitaitumia, na msiniulize.